Pakiti tatu za karata kuukuu kutoka Gikomba: nizipige laminesheni?

"Mwezi uliopita nilinunua sanduku la bati Gikomba nikitaka la kuwekea spana. Chini ya vitambaa nikakuta pakiti tatu za karata. Ya kwanza ina karata 51. Hazina namba wala herufi pembeni, kona zake ni kali kama za bahasha, na ree ya shupaza (ile 'ace of spades') imeandikwa jina Goodall, London. Ya pili ina karata 65: alama nne za kawaida na ya tano ambayo ni taji la kijani. Mzee jirani yangu anasema hizo ni za kupigia ramli, na hataki nizitoe mbele yake. Ya tatu ni herufi tupu, A mpaka Z, na namba ndogo kwenye kona. Kisanduku kimeandikwa Lexicon. Zote zinanuka uvundo, nyingine zimejikunja, na mbili zimefungwa raba ambazo zimegandamana na karata. Kijana wa saiba hapa Umoja anasema atanipigia laminesheni moja moja zisiharibike tena. Kuna mtu wa WhatsApp ametoa ofa ya shilingi 3,000 kwa zote. Niziuze, nizisafishe, au nizichezee tu? Na hiyo isiyo na namba, ni kosa la kiwandani?"

Ndugu msomaji, naanza na kijana wa saiba, kwa sababu karata zikishapita kwenye mashine yake hakuna fundi wa kuzirudisha. Usizipige laminesheni, hata moja ya kujaribia.

Karata ya zamani si karatasi moja nene. Ni karatasi mbili au zaidi zilizogandishwa kwa gundi ya unga, ndugu yake ule uji ambao watoto hubandikia picha madaftarini, kisha zikashindiliwa na kung'arishwa. Mashine ya laminesheni hutumia joto linalozidi nyuzijoto 100 ili plastiki iyeyuke na kushika karatasi. Unyevu uliomo kwenye karata, na zako zinao maana zinanuka, hauna pa kutokea. Unageuka mvuke, matabaka yanaachana na uso unafanya malengelenge. Kuvu iliyokuwepo inafungiwa humo humo. Siku ukitaka kuibandua plastiki, inang'oka na rangi ya mfalme. Mkusanyaji akiiona karata ya namna hiyo hana haja nayo tena.

Ishike hiyo habari ya gundi ya unga, maana ndiyo inayoeleza harufu, kujikunja na wadudu. Nitairudia. Kwanza tujue una nini mkononi, kwa kuwa usafi wa kila pakiti ni tofauti na ukiharakisha na kitambaa utafuta ushahidi unaouhitaji.

Pakiti ya kwanza haina kosa lolote. Namba na herufi za pembeni zilikuja baadaye sana katika maisha ya karata. Kwa karne kadhaa mchezaji alizifungua karata kama feni kwa mikono miwili na kuhesabu alama katikati. Waliozipa namba za pembeni umaarufu ni Wamarekani, katika miaka ya 1870. Ukiwa na namba kwenye kona unaweza kuzibana karata zote kwenye kiganja kimoja na bado ukaziona. Uingereza zikaenea katika miaka ya 1880. Ukitaka kujua kwa nini zilishinda, cheza ile poka yetu ya mtaani na karata zako hizo: 8 na malkia ni swali, jeki anaruka, mfalme anarudisha, na kila mtu anakungoja wewe uhesabu kama hiyo ni 8 au 9.

Kwa hiyo kukosa namba ni tarehe. Tarehe ya pili iko kwenye ree ya shupaza. Serikali ya Uingereza ilitoza kodi kila pakiti ya karata, na ree hiyo ndiyo iliyokuwa risiti. Kuanzia 1765 ofisi ya kodi iliichapisha yenyewe, mtengenezaji akainunua na kuiunga na karata 51 alizotengeneza. Mwaka 1828 ikaja ree mpya yenye nakshi nyingi za kuwasumbua waghushi, ikiwa na maneno ya kodi ya shilingi moja. Mwaka 1862 kodi ikashushwa hadi peni tatu, na alama ya malipo ikahamia kwenye karatasi inayofunga pakiti. Tangu hapo mtengenezaji alikuwa huru kuchora ree yake na kuitia jina lake, na wengi wakaendeleza zile nakshi kwa mazoea. Ndiyo sababu hata pakiti ya mia mbili unayonunua leo River Road, ree ya shupaza imepambwa kuliko zenzake. Kodi yenyewe ilifutwa 1960.

Sasa iangalie yako. Ikiwa ina jina la Goodall na haitaji kodi ya shilingi, ni ya 1862 au baadaye. Halafu tazama wafalme. Mfalme mwenye miguu, anayesimama upande mmoja tu, ni mtindo wa kale uliokuwa ukiondoka. Mfalme mwenye vichwa viwili, juu na chini, ndiye aliyeenea Uingereza kuanzia miaka ya 1860. Kona kali zilianza kutoa nafasi kwa kona za mviringo katika miaka ya 1870. Ukijumlisha jina, vichwa viwili, kona kali na kukosa namba, pakiti yako inaangukia kati ya 1862 na miaka ya 1880. Siwezi kubana zaidi ya hapo bila kuiona, na mtu akikutajia mwaka mmoja kamili kwa kutazama picha ya simu, mwulize ameuona wapi. Watengenezaji waliendelea kuuza mtindo wa zamani kwa wateja wasiopenda mageuzi hata baada ya mpya kutoka. Ree inakupa mwaka ambao pakiti haiwezi kuwa kabla yake. Hayo mengine yanakupa uwezekano.

Kabla hujashangilia, hakikisha si nakala. Karata za mtindo wa karne ya 19 huchapishwa upya kwa ajili ya watalii na watu wa maigizo, na nyingine ni nzuri sana. Vipimo viwili vinatosha kukamata nyingi. Cha kwanza, azima lensi ya sonara, ile ya kukuza mara kumi, utazame shavu la malkia. Uchapishaji wa kisasa wa rangi nne unaonekana kama vitone vidogo vidogo vilivyopangwa kama maua. Karata ya wakati wa Goodall ina rangi iliyojaa, bila vitone, na mara nyingi nyekundu imetoka kidogo nje ya mstari mweusi kwa sababu kila rangi ilipigwa kwa zamu yake. Cha pili, ingia kwa wakala yeyote mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, uweke karata chini yake. Karatasi iking'aa buluu-nyeupe kama shati lililofuliwa, ina kemikali za kung'arisha ambazo zilizoeleka kwenye karatasi kuanzia miaka ya 1950. Isipong'aa haijathibitisha uzee, ila haijaukana.

Kisha hesabu upya. Karata 51 hazimaanishi lazima kwamba moja imepotea. Huenda zimepotea mbili na mtu akaingiza moja ya pakiti nyingine. Zipange kwa alama, ree mpaka mfalme, alama zote nne. Kwa watoto wa Nairobi waliokua wakisema flawa na daimondi: shupaza, kopa, uru na pau ni majina ambayo Kiswahili kiliyachukua kutoka kwa Wareno pamoja na neno karata lenyewe, na turufu vilevile. Pwani zamani karata ya picha iliitwa mzungu, na mfalme akawa mzungu wa nne. Usitegemee joka (joker) kwenye pakiti ya umri huo. Hilo ni zao la Marekani ya miaka ya 1860, na Uingereza lilichelewa kufika.

Ukishajua ipi haipo, zikusanye zote, zigonge taratibu juu ya kioo ziwe sawa, uzitazame kwa ubavu dhidi ya mwanga wa dirisha. Pakiti iliyozaliwa pamoja ina ubavu wa rangi moja, na uchafu wake umepanda sawasawa kwa sababu ilishikwa na mikono ile ile. Karata ngeni inajitokeza kama jino la bandia: nusu milimita juu, au nyeupe kuliko jirani zake. Usiitupe ukiipata. Ifunge pembeni kwenye karatasi na kuandika ilikutwa wapi.

Pakiti ya pili inataka kwanza tumtulize mzee. Karata za ramli anazozifikiria, za taroti, ni 78, na 22 kati yake ni picha kama jua, mwezi na mnara. Hata hizo zilianza Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa kawaida. Mambo ya kubashiri yalibandikwa juu yake Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Zako ni 65, yaani 13 mara tano, na hakuna siri ndani yake. Ni za mchezo wa karata uitwao briji, ila briji ya alama tano, wazo lililotoka Vienna na kuwa fasheni ya kupita London na Marekani mwaka 1938. Waingereza waliweka taji kuwa alama ya tano, kwa kijani au buluu kutegemea kiwanda. Wamarekani wakaweka tai. Wachezaji wanne hupewa karata 16 kila mmoja na moja inabaki mezani. Fasheni ilizimika upesi. Briji ya kawaida ilikuwa ngumu ya kutosha, na kuongeza alama kulivuruga hesabu ambazo watu walikuwa wamezikariri kwa miaka.

Kilichozinusuru pakiti hizi ni kwamba zina kazi mbili. Toa mataji 13 na unabaki na karata 52 za kuchezea chochote. Angalia zako: ikiwa mataji ni masafi na karata nyingine zimechoka, mwenye pakiti aliyaweka kando na kuendelea na mambo yake. Hiyo si dosari. Ila hesabu mataji yote 13, na utafute kijitabu cha kanuni ndani ya kisanduku au kati ya vile vitambaa. Pakiti ya alama tano yenye kijitabu chake hutafutwa zaidi kuliko iliyo uchi.

Lexicon nitaipita haraka upande wa thamani. Waddingtons wa Leeds waliutoa mchezo huu miaka ya 1930, ukapendwa, ukachapishwa tena na tena kwa miongo. Ni wa kawaida. Ukiwa na karata zote 52, kisanduku na kijitabu, una kitu kizuri cha kuchezea ambacho hakitakununulia hata baiskeli.

Sasa usafi, na hapa nakuomba uwe na subira ya mpishi wa pilau.

Raba kwanza. Raba ikizeeka inapita hatua mbili: inalainika na kunata, halafu inakauka na kuvunjika, na salfa iliyomo huacha mstari wa kahawia kwenye karatasi. Usiivute. Kata kwa mkasi mdogo mahali ambapo haijagusa karata, uondoe kilicho huru. Kipande kilichokauka kitabanduka kwa kukigusa na ncha ya kijiti cha meno cha mbao. Kile kinachonata kiache kilivyo. Petroli, thina na spiriti vinakiyeyusha kweli, halafu vinakisukuma ndani ya karatasi na doa linakuwa mara tatu ya lilivyokuwa.

Kuvu. Hiyo harufu ni kuvu inayokula gundi ya unga, na huamka unyevu wa hewa unapozidi kama asilimia 65. Kwa hiyo dawa yake ya kwanza ni ukavu. Tandaza karata moja moja juu ya karatasi nyeupe safi, chumba chenye hewa, mbali na jua la moja kwa moja kwa sababu jua linafifisha nyekundu. Siku tatu mpaka tano zinatosha wakati wa kiangazi. Ikiwa ni Aprili ya mvua ndefu, au ile Julai ya manyunyu na baridi isiyoisha, washa feni ielekee ukutani, isizipige karata, na uongeze siku. Zikishakauka, kuvu iliyo hai na inayopakaa hugeuka vumbi la kijivu. Hapo toka nje barazani, vaa barakoa na glavu, chukua brashi laini mpya ya rangi za maji au ya vipodozi, ufagie kila karata kutoka katikati kwenda ukingoni, pande zote mbili, upepo ukiwa mgongoni kwako. Mwenye pumu nyumbani asiifanye kazi hii wala asikae karibu, na ukianza kubanwa kifua acha umwone daktari.

Usipanguse kwa maji, wala vitambaa vya mtoto, wala Jik. Maji yanaamsha gundi na tabaka za karata zinafumuka kwenye kona. Jik inaua rangi kabla haijaiua kuvu. Kosa hili ndilo linaloua karata nyingi zaidi, na hufanywa na watu wanaozipenda. Pakiti ya Goodall isiguswe na chochote zaidi ya brashi. Kwenye Lexicon unaweza kutumia kifutio cheupe cha plastiki, kwenye ukingo mtupu tu, ukivuta upande mmoja bila kusugua huku na huku, kisha ufagie makombo.

Harufu iliyobaki baada ya hapo hutoka polepole. Weka karata kwenye kontena kubwa lenye mfuniko pamoja na bakuli la magadi ya kuokea mikate, visigusane, wiki mbili. Kunyunyiza manukato ni kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Zilizojikunja zimejikunja kwa sababu uso na mgongo wa karata havinywi unyevu sawa, upande mmoja unatanuka na mwingine unabaki nyuma. Usipige pasi. Zikiwa zimekauka, zipange moja karata moja karatasi nyeupe isiyo na maandishi, ziweke kati ya vipande viwili vya plaiwudi laini, juu yake pakiti moja ya unga ya kilo 2. Badilisha karatasi siku ya pili, acha wiki nzima. Uzito mkubwa zaidi haukuharakishii kitu. Unagandamanisha nyuso tu.

Ukiona matundu, au sehemu ambapo uso umegugunwa kwa juu kama umekwanguliwa, kuna wadudu, mende au wale wa rangi ya fedha wenye mikia mitatu, nao wamefuata gundi hiyo hiyo. Funga pakiti iliyokauka ndani ya mifuko miwili ya zipu, toa hewa, uweke kwenye friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Stima ikipotea hadi vitu viyeyuke, anza kuhesabu upya. Ukiitoa, usifungue mifuko kwa saa 24, la sivyo umande utatua juu ya karata badala ya juu ya plastiki. Na ukumbuke friza inaua wadudu na mayai yao. Kuvu inalala tu.

Kuhifadhi ni rahisi kuliko kusafisha. Mifuko ya kadi iliyotengenezwa kwa polipropilini au poliesta ni salama. Ile ya PVC, yenye harufu kama kandambili mpya, hutoa kemikali zinazofanya rangi kunata. Pima kabla ya kununua: mifuko mingi imekatiwa karata ya milimita 63 kwa 88, na karata ya Kiingereza ya karne ya 19 inaweza kuwa kubwa kidogo. Isipoingia usiilazimishe, ifunge pakiti nzima kwa karatasi isiyo na asidi. Weka kwenye boksi, boksi kwenye rafu ya ukuta wa ndani ya nyumba, si ukuta unaopigwa na mvua, si juu ya jiko, na si chini ya kabati la nyumba ya orofa ya chini. Kipima unyevu kidogo kikionyesha asilimia 45 hadi 55, lala usingizi. Vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyotoka kwenye viatu vipya mara nyingi vimeshashiba unyevu. Nunua vyenye chembe zinazobadili rangi ujue vinapochoka.

Visanduku na karatasi za kufungia usitupe hata kama vimechanika. Karatasi yenye alama ya kodi ya peni tatu iliraruliwa na karibu kila aliyefungua pakiti, kwa hiyo iliyosalia ina wateja wake. Usigundishe mipasuko kwa selotepu.

Kuhusu ofa. Watu hudhani umri ndio bei. Kwenye karata, ukamilifu hutangulia, halafu hali, halafu kisanduku, na umri unafuata. Goodall yako yenye karata 51 imeshuka sana kulinganisha na ingekuwa 52, na hakuna ubishi unaoweza kubadilisha hilo. Bado ina thamani kwa anayekusanya ree, au mwenye pakiti yenye upungufu mwingine na mgongo kama wa yako. Shilingi 3,000 kwa Lexicon peke yake ningekuambia chukua. Kwa zote tatu kwa mkupuo, ngoja: mnunuzi anayetaka vyote kwa bei moja huwa kuna kimoja anachokitaka na viwili vya kukifichia. Mwulize bei ya kila pakiti peke yake, na utaona ni ipi inayomfanya anyamaze.

Tafuta bei zilizolipwa kwenye minada ya mtandaoni, si bei zilizoombwa. Mtu anaweza kuomba anachotaka kwa miaka kumi. Piga picha ree ya shupaza, mfalme mmoja, mgongo, ubavu wa pakiti na kisanduku, rula ikiwa pembeni, na useme wazi karata gani haipo. Usitume kitu kabla pesa haijaingia, na anayekuambia utume kwanza "ada ya kuachilia malipo" ni mwizi.

Ukitaka kuuza nje ya nchi, kuna jambo la sheria. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na vya namna hiyo havitoki bila kibali. Angalia vizuri, inahesabiwa siku ya kuletwa pia. Karata zilizotengenezwa 1875 zikaja na mlowezi baada ya vita ni habari moja. Zilizoshuka Mombasa 1890 ni nyingine. Kwa Goodall, panda Makavazi ya Taifa pale Museum Hill uwaulize kabla hujaenda posta. Zile mbili nyingine hazina tatizo hilo.

Na nenda kwa mtu ana kwa ana katika hali tatu: karata zilizogandamana zikawa tofali moja, raba iliyozama juu ya ree ya shupaza, au kuvu inayorudi baada ya kukausha mara mbili. Kazi hizo zinataka mhifadhi wa karatasi. Anzia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, uulize nani anafanya kazi za nje. Kwa kutambua tarehe na mgongo, kuna International Playing-Card Society, chama cha wakusanyaji kilichoanzishwa 1972. Picha zako nzuri zitafika mbali huko kuliko kwenye kundi la WhatsApp.

Je, uzichezee? Goodall hapana. Mikono ina mafuta na jasho, na kila kuchanganya kunakula kona. Briji ya taji unaweza kujaribu bila kuigusa: nunua pakiti mbili mpya zenye mgongo unaofanana, toa kopa 13 kutoka ya pili, chora taji kwa kalamu ya kijani juu ya kila moja, na una karata 65 za kuharibu upendavyo.

Lexicon cheza. Kila mtu hupewa karata kumi, anayepanga maneno akamaliza za mkononi hupata sifuri, wengine wanahesabiwa namba za kona za karata walizobaki nazo, na anayefika 100 anatoka. Shida utaiona dakika ya tano ukicheza kwa Kiswahili: herufi ziligawanywa kwa Kiingereza. "Haraka" peke yake inameza A tatu, maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na irabu zinakauka mezani. Q na X hazina kazi kabisa, na C bila H ni mzigo. Kubalianeni kabla ya kugawa kwamba Q na X zisimame badala ya irabu yoyote, na C isimame kwa CH nzima. Zikibaki mkononi, zihesabiwe namba zilizochapishwa kwenye kona zake kama kawaida.